Dhamana ya nyumba na mvua ya Oktoba

Rafiki yangu, mzaliwa wa Bukavu, alikabidhiwa funguo za nyumba mpya kusini mwa Johannesburg mwezi Mei. Huku Mei ni mlango wa kipupwe kikavu: vumbi tupu, hakuna hata tone. Tulikula wali, tukamsifia vigae. Oktoba, radi za kwanza zilipopiga, doa la rangi ya chai likajichora darini, juu kabisa ya kitanda cha watoto.

“Si una dhamana?” tulimwuliza. Anayo. Kwa sheria ya 1998, mjenzi hutakiwa kuandikisha kila nyumba mpya kwenye Baraza la Taifa la Usajili wa Wajenzi wa Nyumba, NHBRC, siku 15 kabla ya kuanza ujenzi, na benki haitakiwi kumkopesha mnunuzi pasipo uandikishaji huo. Ada hulipwa na mjenzi, ingawa sote tunajua imelala humo humo kwenye bei.

Ila neno dhamana linatudanganya. Tukilisikia tunawaza bima: kitu kimeharibika, unapiga simu, unalipwa. Hizi ni ahadi za mjenzi, kila moja na muda wake, zote zikihesabiwa tangu siku unapohamia. Lipu inayobanduka, mlango usiofunga, kazi iliyokwenda kinyume na ramani: miezi 3. Paa linalovuja: mwaka 1. Kasoro kubwa za muundo wa nyumba: miaka 5. Wa kuandikiwa kwanza ni mjenzi mwenyewe. Baraza huingia akikaidi. Mfuko wa Baraza nao upo kwa ajili ya kasoro kubwa za muundo, pale mjenzi anapokuwa ametoweka au hana uwezo tena. Tangi la maji ya moto likipasuka darini miaka kadhaa baadaye, balaa linalojulikana sana Joburg, hapo mtafute mtu wa bima.

Sasa tazama kalenda. Aliyehamia Mei, miezi yake 3 inakwisha Agosti, kabla hajaona wingu. Penye udongo wa mfinyanzi, ardhi hunywea wakati wa ukavu na kuvimba ikilowa, na nyufa hujitokeza hapo. Mjenzi atasema ni lipu tu, wewe utasema ni msingi, na jibu la ubishi huo ndilo litakaloamua kama ulikuwa na miezi 3 au miaka 5. Sheria imetungwa kana kwamba kasoro hujitokeza siku ya kupokea ufunguo.

Wajenzi nao wana lao. Tangu mgao wa umeme ulipotuchosha, nani hajapandisha watu juu ya paa kufunga paneli za jua? Wakivunja kigae, lawama zinamrudia aliyejenga. Kweli, lakini hilo ni suala la ushahidi, na picha za siku ya makabidhiano zinalitatua. Kwangu mimi, muda wa kasoro ndogo ungekuwa mwaka mzima, nyumba ipitiwe na ukavu na mvua.

Muda mrefu peke yake hautoshi, najua. Jengo la ghorofa lililoporomoka katika mji wa George tarehe 6 Mei 2024, likaua watu 34, lilikuwa limeandikishwa. Cheti bila mkaguzi aliyeshuka kuangalia msingi ni karatasi.

Na wengi wetu hata karatasi hiyo hatuna. Tunanunua nyumba kuukuu kwa masharti wanayoyaita voetstoots, yaani ichukue ilivyo, kisha tunaongeza vyumba vya uani vya kupangisha. Sheria mpya iliyosainiwa 2024 imekusudia kuyaingiza matengenezo na maongezeko ya namna hiyo chini ya ulinzi.

Rafiki yangu alilipiga doa picha, akaandika barua yenye tarehe, akaipeleka kwa mkono na kudai isainiwe nakala. Fundi alikuja Januari, akabadilisha vigae vinne. Lipu ya ukumbini, iliyopasuka wiki ileile ya mvua, hakuigusa.