Times Square Tunaijua, Tongoni Je?

Mwulize mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angefanya nini akipewa wikiendi moja New York. Hatafikiri mara mbili. Ijumaa usiku Times Square, Jumamosi meli ya kwenda kwenye Sanamu ya Uhuru, jioni anavuka daraja la Brooklyn kwa miguu, Jumapili anajilaza Central Park. Ratiba nzima iko kichwani, na hata pasipoti hana. Sasa mwulize huyo huyo, aliyekulia hapa Nguvumali, Jumamosi hii atampeleka wapi mgeni wake. Utaambiwa: "Raskazone, tukaogelee." Baada ya hapo kimya.

Sisemi kuitamani New York ni kosa. Hata mimi naitamani. Ila tupige hesabu: ada ya kuomba viza ya utalii ya Marekani peke yake ni dola 185, na hazirudi hata ukinyimwa. Hapo hujagusa tiketi. Kwa anayeishi kwa bumu, safari hiyo itakaa kwenye simu kwa muda.

Na tukiangalia vizuri, kinachotuvuta kwenye ile miji sio maghorofa tu. Wenyeji wake waliamua kwamba mji wao unastahili kutembelewa, wakaupangia njia na kuusimulia. Kule Washington, kwenye makumbusho ya Smithsonian unaingia bure, uwe mwenyeji au mgeni. Basi na sisi tuitendee Tanga hivyo hivyo, wikiendi moja tu.

Jumamosi asubuhi chukua baiskeli, maana huu ni mji wa baiskeli, anzia Ngamiani. Barabara zake zinaitwa kwa namba, kama Manhattan ilivyopangiwa namba zake mwaka 1811. Kisha nenda stesheni. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia Tanga mwaka 1893, ukafika Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kumbe Marekani ilishakuja kwetu zamani, ndani ya kifurushi! Mkonge ule ndio ulioleta manamba kutoka kila pembe ya nchi, na wengi wetu tuna babu aliyekuja Tanga kwa ajili hiyo.

Mchana ingia boma la zamani la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi Tanga. Uliza habari za Novemba 1914, Waingereza waliposhusha askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, wakarudishwa baharini na jeshi la Lettow-Vorbeck lililokuwa kama elfu moja, wengi wao askari Waafrika. Hata nyuki waliotibuliwa na risasi waliingia vitani.

Jumapili nenda Amboni, kama kilomita 8 kaskazini ya mji, ukaone mapango ya chokaa. Halafu geukia kusini, barabara ya Pangani, kama kilomita 20 hadi Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Vasco da Gama alipita maji hayo mwaka 1498. Aliporudi, Januari 1499, mabaharia walikuwa wamekufa wengi mno, akaichoma meli yake ya São Rafael huko huko. Na upande huo huo wa kusini kuna Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909.

Kuna watakaosema magofu hayana raha. Jamani, raha inaletwa na washkaji mlioongozana nao, mihogo ya kukaanga na madafu ya njiani. Na kiingilio cha mwenyeji ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje.

Lakini kuna jambo zito kuliko raha. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapa hapa Tanga. Pesa zikiingia, mji hubadilika. Nyumba ya zamani itavunjwa, litasimama jengo la vioo. Pengine itakuwa sawa, pengine sio sawa, lakini mjadala huo unataka watu wanaojua kilichokuwepo. Huwezi kutetea ukuta ambao hujawahi kuutazama. Na kesho ni sisi tutakaokaa kwenye ofisi za halmashauri, tukishika kalamu ya kupitisha michoro.

Kwa hiyo naomba serikali yetu ya wanafunzi itenge basi moja kila muhula. Badala ya kwenda ufukweni na spika kila mara, wa historia atueleze Tongoni, wa jiolojia atueleze Amboni, wa sheria atuambie jengo la kale linalindwaje. Atakayerudi aandike humu alichokiona.

Tanga hutaniwa kuwa ni mji wa waja leo waondoka leo. Mgeni akiondoka bila kuona kitu, tutamsamehe. Mwenyeji wa miaka ishirini je? Basi lisipopatikana, baiskeli zipo. Jumamosi hii tuanze Ngamiani. New York haihami.