Walicheka Kioo, Wakaisahau Ahadi

Kuna kicheko kinachomfumbua mtu macho, na kuna kicheko kinachomfumba. Tuangalie mfano mmoja.

Tarehe 21 Novemba 2019, huko Hawthorne, California, kampuni ya Tesla ilizindua pikapu yake ya umeme iitwayo Cybertruck. Umbo lake ni la pembe na mistari iliyonyooka, na bodi yake ni ya chuma kisichoshika kutu, bila rangi. Msanifu mkuu, Franz von Holzhausen, alirusha tufe la chuma kwenye kioo kilichokuwa kimesifiwa kwa ugumu. Kikapasuka. Akajaribu cha pili, nacho kikapasuka. Elon Musk akaendelea kuhutubia mbele ya vioo vyenye nyufa.

Watu wakacheka. Wengine walisema gari limechorwa na mtoto kwa rula, wengine wakalifananisha na michezo ya kompyuta ya zamani. Kesho yake hisa za Tesla zikashuka kwa takriban asilimia 6. Upande wa pili walisimama washabiki, wakidai kwamba asiyelipenda haelewi mambo ya kesho.

Sisi tunasema makundi yote mawili yalikosea jambo lile lile. Yalibishana juu ya sura, wala hayakuhoji ahadi.

Na ahadi zilitolewa waziwazi usiku ule. Bei itaanzia dola 39,900. Aina ya juu itakwenda zaidi ya maili 500, yaani kilomita 800 na ushei, kwa chaji moja. Utengenezaji utaanza mwishoni mwa 2021. Je, ni wangapi kati ya waliocheka waliuliza haya yatawezekanaje?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kilichoitwa kibaya hakikuhitaji hata kujitembeza, kwani wenye kukidhihaki walikitembeza bure dunia nzima. Siku mbili tu baada ya uzinduzi, Musk alitangaza oda 146,000, akajisifu kwamba hakulipia tangazo lolote. Kuweka oda kulihitaji dola 100 tu za kurudishwa, lakini hoja ni kwamba mcheshi alidhani anamkomoa mwenye gari, kumbe anamfanyia kazi bila ujira.

Haya, tuhesabu. Magari ya kwanza yalikabidhiwa tarehe 30 Novemba 2023, miaka miwili baada ya wakati uliotajwa. Bei ya chini iliyotangazwa siku hiyo ilikuwa dola 60,990, na hata hilo la bei hiyo watu wakaambiwa walisubiri hadi 2025. Masafa yaliyotajwa kwa lile lililokwenda mbali zaidi yalikuwa maili 340, si 500. Kisha, Machi 2025, zaidi ya magari 46,000 yaliitwa kurekebishwa nchini Marekani kwa sababu kipande cha chuma cha nje kilichobandikwa kwa gundi kiliweza kubanduka barabarani.

Mtetezi atasema kwamba bei za vitu zilipanda kila mahali katika miaka ile. Ni kweli. Atasema pia kwamba kila kipya huchekwa mwanzoni. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana hatuligombi umbo. Apendaye pembe na apende. Lakini ahadi ni deni, na upya wa kitu haumfutii mtu deni.

Wazazi, na ninyi wanafunzi, kesho kitazinduliwa kingine: simu, gari au mashine. Kabla ya kucheka au kushangilia, chukueni daftari muandike mambo matatu: bei iliyotajwa, tarehe iliyotajwa, na uwezo uliotajwa. Tarehe ikifika, lifungueni. Mwenye daftari hilo hatahitaji kumdhihaki mtu, wala hatadanganyika kirahisi.