Mitihani ya zamani bila majibu haimsaidii mtoto

Mwezi uliopita nilivuka Rusumo kurudi nyumbani na magunia ya mchele, na juu yake bahasha nene ya fotokopi. Mchele uliisha kwa siku mbili. Bahasha ndiyo iliyonitia hasara.

Mpwa wangu alisoma Bukavu kwa Kifaransa hadi mwaka wa nne. Sasa yuko mwaka wa sita hapa Rwanda, ambako serikali iliamua mwaka 2008 kwamba masomo yawe kwa Kiingereza. Kinachomnyima usingizi ni hisabati, hasa kalkulasi. Nikamnunulia mitihani ya kidato cha sita ya Tanzania, ya miaka kumi. Akaipekua, akaniambia: "Mjomba, maswali ni mengi, lakini nikikosea nitajuaje?" Hapakuwa na jibu hata moja.

Sisi tuliorudi hudhani shida ya watoto wetu ni lugha tu. Sivyo. Kule alizoea kuandika namba zilizo kati ya 0 na 1 hivi: ]0, 1[. Vitabu vya Kiingereza huandika (0, 1), naye akadhani ni nukta kwenye grafu! Tena Mtihani wa Serikali wa Kongo humtaka mwanafunzi achague jibu. Huku anatakiwa aonyeshe hatua, na hatua zina alama zake hata kama jibu la mwisho limeharibika. Kijana anayemaliza integrali kichwani na kuandika jibu tupu anajipunja mwenyewe.

Nimechelewa kujua kwamba Baraza la Mitihani la Tanzania huweka bure kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Humo mna swali, mahali wengi walipokosea, na mifano ya majibu mazuri na mabaya. Muuza fotokopi hakunitajia. Pengine naye hazijui. Mitaala yetu hailingani, kwa hiyo mwalimu amchagulie maswali. Lakini derivativu ya zao la fanksheni mbili haiulizwi pasi mpakani.

Naziomba shule zinazopokea watoto waliorudi zichape japo nakala moja ya mitihani iliyosahihishwa hatua kwa hatua, ikae maktaba.

Mimi nimemlipa kijana wa intaneti hapa sokoni anichapie taarifa za miaka mitatu. Nilimwambia aruke kurasa za majibu mabaya, kupunguza gharama. Mpwa wangu akakataa. Anasema hizo ndizo atakazoanza nazo.