Makali Si Jeraha

Kila michezo ya kompyuta inapotajwa mbele ya wapenzi wa Kiswahili, huzuka makundi mawili, na yote mawili yamepotea njia. Kundi la kwanza lasema lugha yetu haina uwezo wa kubeba hesabu za michezo hiyo, basi wachezaji waachiwe Kiingereza chao. La pili lasema uwezo upo: fungua kamusi, twaa neno la kwanza ulionalo, lipachike palipokuwa la Kiingereza, kazi imekwisha. La kwanza limekata tamaa kabla ya kujaribu. La pili limejaribu kabla ya kuelewa. Nami nadai kuwa kosa la kundi la pili ndilo kubwa zaidi, kwa sababu linajivika joho la uzalendo.

Tuchukue mfano mmoja. Elden Ring ni mchezo uliotolewa mwaka 2022 na kampuni ya FromSoftware ya Japani. Mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, akamgawia pointi katika sifa kama nguvu, wepesi, akili na imani, kisha akamchagulia silaha ioanayo na sifa hizo. Swali linalomkesha ni moja: silaha ipi itamuumiza adui zaidi? Mchezo haukutolewa kwa Kiswahili, kwa hiyo anayetaka kulijibu swali hilo kwa lugha yetu hana budi kujitafutia istilahi. Hapo ndipo mambo huharibika. Katika mazungumzo ya Kiingereza, wachezaji wengi huita kwa jina moja vitu viwili tofauti: tarakimu iliyoandikwa kwenye silaha, na kiasi cha uhai kinachomtoka adui. Mfasiri wa papara huvifunika vyote kwa neno "uharibifu". Nyumba huharibiwa na mazao huharibiwa; mtu aliyepigwa upanga hujeruhiwa. Lakini ubovu wa neno si shida kubwa. Shida kubwa ni kwamba mkanganyiko wa wenyewe tumeuingiza kwetu kama ulivyo.

Kati ya tarakimu ile na jeraha pana safari ndefu. Kwanza hutangulia kinga ya adui, nayo hukabili kila aina ya shambulio peke yake: la chuma kivyake, la uchawi kivyake. Kwa kanuni ambayo wachezaji wameichambua, shambulio lililo sawa na kinga hupitisha asilimia 40 tu. Likiwa mara 2.5 ya kinga, hupitisha asilimia 70. Likifika mara 8 au zaidi hupitisha 90, na hapo ndipo kikomo. Baada ya kinga huja makato ya asilimia, ambayo hutofautiana kwa adui na kwa aina ya shambulio.

Sasa tupime. Adui ana kinga ya 100 kwa kila aina. Upanga wa kwanza una 500, zote za chuma. Wa pili una 520, yaani 260 za chuma na 260 za uchawi. Anayesoma jumla atauchukua wa pili, na atakuwa amekosea. Wa kwanza ni mara 5 ya kinga, hivyo unapitisha kama asilimia 84, sawa na 420. Wa pili, kila nusu ni mara 2.6 tu ya kinga. Inapitisha chini kidogo ya asilimia 71, na nusu zote mbili pamoja hutoa kama 368. Lakini mpe adui huyo makato ya asilimia 40 dhidi ya chuma, na asiwe na makato yoyote dhidi ya uchawi. Wa kwanza utashuka hadi 252, na wa pili utabaki na kama 294. Hukumu imegeuka, wala hakuna tarakimu iliyobadilika kwenye silaha yoyote.

Washairi hawahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Mshororo wenye ukwapi wa mizani 9 na utao wa mizani 7 una jumla ya 16, sawa kabisa na ule wa 8 kwa 8. Hata hivyo hakuna mwanaarudhi atakayeupitisha kwa sababu ya jumla yake, maana kila kipande hupimwa peke yake. Tunawezaje kuwa wakali hivyo katika mizani, kisha tukawa walegevu katika istilahi?

Napendekeza basi tarakimu ya silaha iitwe "makali", na kinachomfikia adui kiitwe "jeraha". Kati yao pawe na "kinga" na "makato", neno ambalo kila mwenye mshahara analijua vizuri. Kwa maneno haya manne, kosa la kulinganisha jumla linaonekana lenyewe: umelinganisha makali, ukadhani umelinganisha majeraha.

Nitaambiwa rungu halina makali. Njaa nayo haina ncha wala ubapa, lakini makali yake twayajua, kama tuyajuavyo makali ya dawa na ya maisha. Nitaambiwa "nguvu" lingetosha. Halitoshi, kwa kuwa nguvu tayari ni sifa ya shujaa, na ina hesabu yake: akishika silaha kwa mikono miwili, nguvu yake huhesabiwa mara 1.5, hivyo 54 ikawa 81. Ukiita vyote "nguvu", sentensi yako ya pili haitaeleweka. Nitaambiwa pia kwamba huu ni mchezo tu. Soka nayo ni mchezo, na watangazaji wake wametupa "mlinda mlango" na "mshambuliaji" bila kuona haya kuazima "kona" na "penalti". Walifaulu kwa sababu waliujua mpira kabla ya kuutafutia maneno.

Kuazima si aibu. Hata "hesabu" na "mizani" tuliyapokea kutoka Kiarabu. Aibu ni kutafsiri jambo usilolielewa, kisha ukasingizia lugha pale msomaji anapopotea. Lugha iliyoimba upanga, ngao na deraya katika tenzi za vita haikosi namna ya kutenganisha pigo na kidonda.

Anayeona "makali" halifai, na alete lake. Namwekea sharti moja tu: kabla hajalileta, achukue panga mbili zile, afanye hesabu hadi mwisho, kisha atuonyeshe neno lake linasimama wapi katika safari hiyo.