Dainamo haijafa, ni fundi hajapima

Haya wasomaji, leo naweka programu kando. Nina ugomvi na neno moja ninalolisikia kwenye gereji kuanzia Kibuye mpaka hapa Maseno: "badilisha". Land Rover ya mzee haichaji? Badilisha regyuleta. Bado? Badilisha dainamo. Bado? Ng'oa yote, weka oltaneta. Dainamo nzima inaishia kwa muuza vyuma chakavu, inapimwa kwa kilo kwa sababu ya shaba yake. Jamani, huo si ufundi. Hiyo ni ramli, na anayeilipia ni mteja.

Chanzo nakijua. Kiwango cha KS 1515:2000 hakiruhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 kuingizwa Kenya. Kwa hiyo magari yanayoletwa yana oltaneta, na mara nyingi regyuleta imefichwa humo humo ndani. Kijana aliyejifunzia kazi kwenye Toyota hajawahi kufungua boksi la Lucas. Hilo si kosa lake. Kosa ni kutoa hukumu kabla ya kusoma herufi zilizoandikwa kwenye boksi lenyewe.

Basi tuzisome. Ukikuta A, A1, F, D na E, na ndani kuna koili mbili, hiyo ni Lucas RB106. Koili moja ni katauti, inayozuia betri isirudishe umeme kwenye dainamo injini ikizimwa. Ya pili inatawala volti. Ukikuta B na WL badala ya A na A1, na koili ni tatu, hiyo ni RB340. Koili ya tatu inatawala ampea. Ukikuta D+, DF na B+, umefika kwa Bosch, ile ya Volkswagen kobe wa zamani.

Mbona nasisitiza herufi? Kwa sababu namna ya kupima inategemea hizo. Kwenye dainamo ya Lucas, koili ya sumaku imeungwa kwenye bodi kwa ndani, kwa hiyo ili kuiamsha unaunganisha F na D. Kwenye Bosch ya Volkswagen ni kinyume: DF ndiyo unayoigusisha kwenye bodi. Ukiipima Lucas kwa njia ya Bosch haitatoa kitu, nawe utaapa kwamba imekufa. Dainamo ngapi zimezikwa hai namna hiyo?

Sasa kipimo cha Lucas ya volti 12, hatua kwa hatua:

1. Angalia mkanda na waya. Toa waya mbili kwenye dainamo, unganisha D na F kwa kipande cha waya, weka mita kati ya hapo na bodi. Washa injini, ongeza mwendo polepole. Volti zipande haraka bila kurukaruka. Usiziache zifike 20, na usivuke mizunguko 1,000 kwa dakika.

2. Hakuna volti kabisa? Tazama brashi. Nusu volti hadi moja? Shuku koili ya sumaku. Volti 4 au 5? Shuku koili zinazozunguka. Zinapanda vizuri? Dainamo ni nzima, iache!

3. Rudisha waya, nenda kwenye boksi. Kwa RB106, toa waya za A na A1, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe, kisha pima D na E. Ongeza mwendo mpaka mshale utulie. Kwa joto la nyuzi 20 utafute volti 16.0 hadi 16.6. Kwa nyuzi 30, joto letu la mchana, 15.9 hadi 16.5. Mshale ukichezacheza, safisha platini kwanza.

4. Katauti ifunge kati ya volti 12.7 na 13.3.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi. Aliyezoea oltaneta akiona 16 anashtuka, anairekebisha RB106 ishuke hadi 14, halafu betri haijai tena. Anarudi kwa mwenye gari na lile neno lake: badilisha. Hizo 16 ni za kupimia tu, betri ikiwa haijaungwa.

Nitajibiwa kwamba oltaneta ni bora. Ni kweli. Dainamo ya Lucas C40 inatoa ampea 22 tu, na gari likiwa limesimama linanguruma polepole haichaji. Land Rover wenyewe walihamia oltaneta kwenye Series III ya 1971. Ukitaka kufunga taa kubwa na friji, badilisha kwa amani, lakini angalia kwanza bodi imeungwa na chanya au hasi, maana magari mengi ya Kiingereza ya zamani bodi ni chanya, na ukiikosea unaichoma oltaneta mpya siku hiyo hiyo. Kubadilisha kwa sababu ni uamuzi. Kubadilisha kwa kukosa mita ni uvivu.

Katika kazi yangu, mtu anayefuta kila kitu na kusakinisha upya kila hitilafu inapotokea hatumwiti mtaalamu. Kosa bado lipo, ila sasa hajui lilikuwa wapi. Mbona tumwite fundi yule anayefanya hivyo hivyo chini ya boneti?

Mita ya bei nafuu kabisa inatosha kwa kazi hii yote. Mzee mwenye Land Rover, kabla hujatoa hela, muulize fundi swali moja tu: ulipata volti ngapi? Akikosa namba, funga boneti uende zako.

Atakayebisha abishe. Ila aje na mita.