SIMU NI MALI YA UMMA, SIRI NI YA MWENYEWE

Wapo watu wasemao kwamba Serikali haina kazi na biashara ya simu, iwaachie matajiri washindane. Sisi hatukubaliani nao. Mwaka 2001 asilimia 35 ya TTCL iliuzwa kwa wageni. Mwaka 2016 Serikali ikazinunua tena hisa hizo kwa shilingi bilioni 14.9, shirika likarudi lote mikononi mwa wananchi. Tulifurahi, na hata leo twafurahi.

Lakini furaha isitufumbe macho. TTCL inauza huduma za simu, na papo hapo ndiyo inayouendesha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao kampuni nyingine hukodi njia humo. Serikali hiyo hiyo ilikubaliana mwaka 2019 kuwa na hisa 49 kwa mia katika Airtel Tanzania, na TCRA, mwamuzi wa wote, ni chombo chake tangu 2003. Mchezaji, mwenye uwanja na mwenye filimbi, wote nyumba moja! Twataka bei ya kukodi Mkongo itangazwe wazi, na TTCL yenyewe itozwe sawasawa na wengine. Hilo si gumu.

Gumu ni hili jingine. Nani anatusikiliza?

Wengine hudhani kwamba ukitumia simu ya kampuni ya binafsi siri yako imesalimika. Hebu na tutazame. Mwaka 2014 Vodafone ya Uingereza ilitangaza kwamba Vodacom ya hapa kwetu ilipokea, katika mwaka mmoja, maombi 98,765 ya wenye mamlaka kutaka habari za simu za watu. Hesabu hiyo tumeipata kwa wageni, wala si kwa ofisi yetu yoyote. Tena mwaka 2024 ilielezwa katika kesi mjini London kwamba Tigo, iliyokuwa mali ya Millicom, iliwapa watu wa Serikali habari za simu za Bwana Tundu Lissu, aliyekuwa mbunge, na mahali alipo, usiku na mchana, katika majuma yaliyotangulia kupigwa kwake risasi Dodoma, Septemba 7, 2017. Kama habari zile zilihusiana na risasi zile, hiyo ni kazi ya mahakama kusema. Sisi twasema tu kwamba kampuni ile haikuwa ya Serikali, na haikumkinga mteja wake.

Basi je, shirika la umma litamkinga? Peke yake, hapana, huenda ikawa rahisi zaidi kumwacha wazi, maana aombaye na aombwaye ni bwana mmoja, na mlangoni hakuna wa kuuliza, "Hati iko wapi?" Na tangu mwaka 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole hufungwa, kwa hiyo kila namba ina mtu wake.

Ibara ya 16 ya Katiba yaitambua faragha ya mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imepitishwa mwaka 2022. Twadai kwamba habari za simu zisitolewe ila kwa amri ya hakimu, na kwamba idadi ya maombi yote isomwe Bungeni kila mwaka, kampuni kwa kampuni, TTCL ikitangulia. Wanachama, bajeti ya wizara ya mawasiliano itakapojadiliwa, mwulizeni mbunge wenu amesimama upande gani.