Soko liko wapi?



Ndugu zangu katika imani, Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina, Saad bin Rabii (r.a.) alitaka wagawane mali nusu kwa nusu. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akauliza soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa, akarudi na faida ya jibini na samli. Kisa hiki kimo katika Bukhari.

Tazameni alichoomba. Hakuomba mtaji wala upendeleo. Aliomba kufika walipo wanunuzi.

Hapa Tanzania, Desemba 2018, Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Mwaka 2021 machinga wakaondolewa barabarani, wakapelekwa maeneo maalumu. Utaratibu ni jambo jema, na njia ina haki zake: mama mwenye mtoto mgongoni asilazimike kupita katikati ya magari kwa sababu meza zimeziba njia. Lakini meza ukiipeleka kusikopita mteja, umemfungia mtu mlango wa riziki huku ukisema umempangia.

Enyi viongozi, kabla hamjamhamisha mchuuzi, hakikisheni daladala na watu wanafika huko. Nawe mchuuzi, ukipata nafasi usipunje mizani. Serikali hufungua soko. Uaminifu ndio humrudisha mteja.

Allah azitie baraka biashara zetu. Amin.